Fahamu: Kwa nini paneli ya mabati na povu huvuka nafasi kubwa bila nguzo

Maghala ya baridi ya samaki, maua na parachichi hujengwa sana kwa paneli za mabati mawili membamba, kila moja lenye unene wa takriban nusu milimita, yaliyoshikamanishwa na povu gumu la poliyurethani. Bati hilo likiwa peke yake hupinda kwa mkono. Katika paneli, mzigo ukikandamiza paa, bati la juu hubanwa, la chini huvutwa, na povu huyazuia yasiteleze kila moja upande wake. Ndiyo maana povu nene huruhusu pau zinazobeba paneli zikae mbali zaidi moja na nyingine.

Lakini jedwali la mtengenezaji la nafasi na mizigo lisomwe lote, tafadhali. Upepo haukandamizi tu. Hufyonza paneli kuelekea nje, na hapo mara nyingi skrubu ndizo hushindwa kwanza. Jua nalo hutanua bati la nje huku la ndani likibaki baridi, paneli ikabenuka. Rangi za giza huzidisha tatizo. Povu pia hulegea polepole chini ya mzigo wa kudumu, kwa hiyo tangi au mtambo wa juu ya paa ubebwe na fremu ya chuma, kamwe si paneli.