Sidney Loeb

Sidney Loeb (1917 – 2008) alikuwa mhandisi wa kemia na profesa mzaliwa wa Marekani. Anajulikana hasa kwa utando wa kuzuia chumvi alioutengeneza pamoja na Srinivasa Sourirajan kutoka Uhindi. Utando huo uliwezesha osmosisi ya kinyume kutumika kupata maji matamu kutoka maji ya chumvi.

Maisha ya awali

Loeb alizaliwa mjini Kansas City. Alisoma uhandisi wa kemia katika Chuo Kikuu cha Illinois, kisha akafanya kazi viwandani kwa miaka mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, akiwa na umri wa miaka 40 hivi, alirudi masomoni katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA).

Utando wa Loeb na Sourirajan

Osmosisi ni mwendo wa maji kupitia utando unaozuia chumvi, kutoka upande wenye chumvi kidogo kwenda upande wenye chumvi nyingi. Kwa sababu hiyo vipande vya embe bichi vikitiwa chumvi hutoa maji. Maji ya bahari yakisukumwa kwa shinikizo linalozidi lile la osmosisi, takriban bar 27, mwendo hugeuka: maji matamu hupita na chumvi hubaki.

Kabla ya hapo, Charles Reid na Ernest Breton wa Chuo Kikuu cha Florida walikuwa wameonyesha kwamba utando wa selulosi asetati huzuia chumvi. Lakini maji yalipita polepole mno. Utando mnene uliyachelewesha, na ule mwembamba sana haukuhimili shinikizo.

Loeb na Sourirajan walianza na utando ulionunuliwa tayari, wakaupasha moto ndani ya maji. Matokeo yalibadilikabadilika mpaka walipotambua kwamba pande zake mbili hazikufanana: ulizuia chumvi vizuri pale tu upande mmoja maalumu ulipoelekea maji ya chumvi. Kisha walitengeneza utando wao wenyewe. Waliyeyusha selulosi asetati katika asetoni, wakautandaza mchanganyiko kwenye kioo, wakauzamisha katika maji ya barafu na baadaye katika maji ya moto. Ngozi nyembamba sana, chini ya mikromita moja, ilijitokeza juu ya tabaka nene lenye vitundu. Ngozi ilizuia chumvi, na tabaka la chini liliishikilia. Maji yalipita mara 10 au zaidi kuliko awali. Hataza zilitolewa mwaka 1964.

Mwaka 1965 mtambo wa UCLA ulianza kuhudumia mji wa Coalinga, California, ambao maji yake ya visima yalikuwa na chumvi na ambao zamani uliletewa maji ya kunywa kwa treni.

Kazi nchini Israeli

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Loeb alikwenda Israeli, akasaidia kuweka mtambo wa aina hiyo Yotvata, katika jangwa la kusini. Baadaye alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Beersheba.

Huko, mwaka 1973, alibuni njia ya kuitumia osmosisi yenyewe kama chanzo cha nishati. Mahali mto unapoingia baharini, maji matamu yakiachwa yapite kwenye utando kwenda upande wa chumvi, shinikizo huongezeka upande huo na linaweza kuzungusha tabo ya umeme. Wazo hilo lilihusu pia mto Yordani unaoingia Bahari ya Chumvi.

Urithi

Leo osmosisi ya kinyume ndiyo njia inayotumika zaidi duniani kuondoa chumvi katika maji. Mitambo mingi sasa hutumia tando za poliamidi, lakini muundo wa ngozi nyembamba juu ya tabaka lenye vitundu umebaki.

Umeme wa osmosisi umekwenda polepole. Kampuni ya Statkraft ilifungua kituo cha majaribio Tofte, Norwei, mwaka 2009, mwaka mmoja baada ya kifo cha Loeb, lakini iliacha mradi mwaka 2013 kwa sababu za gharama. Ugumu mmoja unatokana na tabaka lilelile la chini: katika kazi hii chumvi hunaswa ndani yake na kupunguza nguvu ya osmosisi.