Pasipoti Mbili kwenye Kaunta ya Isebania

Abiria wa basi la Mwanza kwenda Nairobi hashuki Sirari kugongewa muhuri wa kutoka. Kwa utaratibu wa kituo cha pamoja cha mpakani, anavuka moja kwa moja hadi jengo la Isebania, upande wa Kenya, na humo anawakuta maofisa uhamiaji wa nchi zote mbili. Wa Tanzania anamtoa. Wa Kenya, hatua chache pembeni, anampokea. Wakati wa kurudi, shughuli hiyo hiyo hufanyika Sirari. Kwa mwenye pasipoti moja huu ni unafuu wa foleni tu. Mwenye mbili ana la kuwaza kabla hajafika kaunta, maana ule mwendo wa kutoka geti hadi geti, ambamo kitabu kimoja kilirudi mfukoni na kingine kikatoka, haupo tena.

Uraia pacha hapa nchini hujadiliwa kana kwamba ni habari ya Watanzania wa Houston na London peke yao. Kando ya Ziwa Victoria, jambo hili huja kwa ndoa. Wakurya wako Tarime na wako Kenya. Wajaluo wako Rorya na wako Migori. Tuseme kuna msichana wa Kirumba ambaye baba yake ni wa Kisumu na mama ni wa Ukerewe. Kwa kuwa amezaliwa Mwanza na mzazi mmoja ni Mtanzania, yeye ni raia wa Tanzania wa kuzaliwa. Kwa Ibara ya 14 ya Katiba ya Kenya ya 2010, yeye pia ni Mkenya wa kuzaliwa, haidhuru amezaliwa wapi. Hakuomba uraia wa nchi yoyote kati ya hizo mbili, na hadi hapo hajavunja sheria ya mtu.

Anawezaje basi kusafiri na pasipoti mbili? Inawezekana kwa sababu kila anayezikagua ana swali lake. Shirika la ndege linataka kujua kama huko uendako utaruhusiwa kuingia; likikupakia nawe huna haki hiyo, linaweza kutozwa faini na kulazimika kukurudisha. Uhamiaji wa nchi unayoiacha unataka kujua uliingiaje na kama muda wako umepita. Uhamiaji wa nchi unayofika unataka kujua kama wewe ni mwenyeji au mgeni. Ni maswali matatu tofauti, na kitabu kinachojibu moja vizuri huenda kikaliharibu jingine.

Chukua mtoto mwingine, wa miaka 16, aliyezaliwa Minneapolis kwa wazazi Watanzania, anayekuja likizo kwa bibi yake Sengerema. Sheria ya Marekani inamtaka raia wake atoke na kuingia huko kwa pasipoti ya Kimarekani. Kwenye kaunta ya ndege anaonyesha zote mbili, ile ya Tanzania ikithibitisha kwamba hahitaji viza huku. Akitua Dar es Salaam anaitoa ya Tanzania, na wazazi wameokoa dola 100 ambazo Mmarekani hulipia viza yetu. Ndege ya kuja Mwanza ni ya ndani, haina uhamiaji. Siku ya kuondoka anaionyesha tena ya Tanzania kwa ofisa wa hapa, na ya Kimarekani kwa shirika la ndege, ambalo sasa swali lake limegeuka.

Kanuni inayobeba yote haya ni moja: toka na kile ulichoingilia. Aliyeingia kama Mmarekani kwa viza kisha akatoka kama Mtanzania anaacha kwenye kompyuta ya Uhamiaji watu wawili, Mmarekani aliyeingia akapotelea nchini na Mtanzania aliyeondoka bila kuonekana akirudi. Mwaka unaofuata, yule Mmarekani atahojiwa kwa nini alizidisha muda wake wa kukaa. Na tusisahau majina. Mtanzania amezoea majina matatu, lake, la baba na la babu, na huko ughaibuni moja hudondoshwa au mpangilio hubadilishwa. Tiketi ina jina moja tu, na pasipoti mbili zisizokubaliana nalo humsumbua msafiri kuliko sheria yoyote ya uraia.

Mpaka hapa nimesema juu ya watoto, na si kwa bahati mbaya. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya 1995, Sura ya 357, inauvumilia uraia wa pili hadi miaka 18. Baada ya hapo, mwenye nchi mbili anabaki Mtanzania iwapo tu ameukana uraia ule mwingine na kula kiapo cha utii. Mtu mzima anayechukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine, kwa njia isiyo ya ndoa, anakoma kuwa raia. Hakuna kikao kinachoitishwa wala barua inayotumwa. Kadi ya NIDA inabaki kwenye pochi na pasipoti inabaki kabatini, zikiwa na picha yake na tarehe za uhalali ambazo bado hazijafika.

Ndipo watu wengi hujichanganya. Wanaamini kwamba aliye na pasipoti ya Tanzania ni Mtanzania, wakati pasipoti ni ushahidi wa uraia tu, na ushahidi unaweza kuishi kuliko jambo lenyewe. Ofisa wa dirishani husoma kitabu alichopewa; hana namna ya kukijua ambacho hakukiona. Kwa hiyo mtu huvuka, akarudi, akavuka tena, na kimya cha dirisha akakipokea kama ruhusa. Siyo ruhusa. Kila mara anapokitumia kitabu kile anadai uraia ambao sheria inasema hana, na kudai hivyo ni kosa.

Binafsi sioni ubaya nchi kusema inataka uaminifu usiogawanywa. Oman nayo hukataza, na wako watu wenye asili ya Zanzibar huko wanaolijua hilo vizuri. Kinachonisumbua ni ule ukimya. Yule msichana wa Kirumba, akifika miaka 18 bila mtu kumweleza, Ukenya wake unaendelea bila kufanya lolote na Utanzania wake unakoma vilevile bila kufanya lolote. Anaweza kuishi miaka mingi hapo hapo Kirumba, akipiga kura na kununua kiwanja Igoma, asijue. Na kiwanja si jambo dogo: Sheria ya Ardhi ya 1999 kwa kawaida haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi ila kwa shughuli za uwekezaji. Siku ndugu wakigombania mirathi, kuna mmoja wao atakayekumbuka baba alitoka wapi.

Kenya iliufungua mlango. Ibara ya 16 inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata mwingine. Inadai kitu kimoja, utangaze: sheria yao ya uraia na uhamiaji ya 2011 inampa raia pacha miezi 3 kufanya hivyo, na anayeficha anaweza kutozwa hadi shilingi milioni 5 za Kenya, kufungwa hadi miaka 3, au vyote viwili. Uganda iliruhusu kwa sheria ya 2009.

Lakini hata penye ruhusa, kitabu unachokitoa ni kauli. Miguna Miguna, mwanasheria aliyezaliwa Nyando, upande wa Kenya wa ziwa hili hili, alichukua uraia wa Kanada wakati Katiba ya zamani ya Kenya ilikuwa hairuhusu uraia pacha. Baada ya kumwapisha Raila Odinga, kiongozi wa upinzani wakati huo, kuwa "rais wa wananchi" katika bustani ya Uhuru Januari 2018, alifukuzwa nchini Februari. Machi 26 alirudi, na uwanja wa ndege wa Nairobi ukageuka uwanja wa mvutano. Serikali ilishikilia kwamba alipoteza Ukenya na hakuwahi kuuomba upya kama Katiba mpya inavyoruhusu, hivyo ilimtaka aingie kama mgeni kwa pasipoti ya Kanada. Alikataa. Alijua kwamba kuikabidhi pale kungesomwa kama kukiri kuwa yeye ni mgeni. Alizuiliwa uwanjani, kisha akapelekwa Dubai. Desemba mwaka huo Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba haki zake zilikiukwa, na bado hakuikanyaga tena Kenya hadi Oktoba 2022.

Kwetu, jibu la Serikali si uraia pacha. Ni hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje, iliyotangazwa 2024 pamoja na mapendekezo ya kurekebisha Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi. Mwenye hadhi hiyo hana haja ya kubadilishana vitabu: anaingia waziwazi kwa pasipoti ya kigeni, na hadhi ndiyo inayomlainishia kuingia, kukaa na kumiliki. Nadhani ni mpango wa busara kwa mtu wa Minneapolis, ingawa haumrudishii kura.

Kwa msichana wa Kirumba haujibu kitu. Yeye si mtu wa ughaibuni, hajawahi kuhama mtaa. Kinachomfaa ni wazazi wake kwenda naye ofisi ya Uhamiaji ya Mkoa wa Mwanza angali na miaka 17, na vyeti vya kuzaliwa vya wote watatu, kuuliza ni fomu zipi za kuukana uraia wa Kenya na kiapo kinaliwa lini. Au kuamua, kwa macho yaliyo wazi, kwamba atabaki Mkenya, na tangu siku hiyo Isebania na Sirari atoe kitabu kimoja tu, cha Kenya, na huku Mwanza aishi kwa kibali kama Wakenya wengine.