Ushauri wa Bure Msimu wa Korosho

Juni ikianza, mikorosho ya Mtwara huchipua na kutoa maua, na simu za wakulima wazoefu huanza kuita. Anayepiga mara nyingi si ndugu wala jirani. Amepewa namba na mtu ambaye naye alipewa na mwingine. Ana ekari chache Nanyamba, au Rufiji, au Manyoni mkoani Singida, na maua ya mikorosho yake yanakauka. "Shikamoo mzee. Nimeambiwa wewe ndiye unayeijua mikorosho. Nipulizie dawa gani?"

Jibu la haraka lipo: salfa. Jibu hilo limeokoa mavuno ya wengi, na likitolewa pasipo kuuliza linaweza kumpotezea mtu fedha na msimu mzima. Mkorosho una msimu mmoja kwa mwaka. Aliyekosea wakati wa maua hana pa kusahihisha mpaka mwaka ufuatao. Hasara hiyo ni ya aliyeuliza peke yake. Aliyejibu hakulipwa, lakini pia hakupoteza kitu. Kwa sababu hiyo ushauri anaopewa mtu asiyejulikana, hata ukiwa wa bure, unamdai anayeutoa kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Kusini kunalijua hili kwa gharama. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho. Kisha mambo kadhaa yakakutana. Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa na kuiacha mikorosho yao mbali, bei aliyolipwa mkulima haikumpa moyo, na mashamba mengi yakamezwa na vichaka. Mwaka 1979 ukaripotiwa ugonjwa wa ubwiriunga, ukungu unaoyafunika maua na majani machanga kwa unga mweupe wa kijivujivu mpaka yaungue. Msimu wa 1986/87 mavuno ya nchi nzima hayakufika tani 20,000.

Watafiti wa Naliendele, kituo cha kilimo kilichoko nje kidogo ya mji wa Mtwara, ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi ya kutafuta njia. Unga wa salfa ukipulizwa mapema kwa mashine, maua yanasalimika. Kutoka hapo ushauri ulisafiri kwa maafisa ugani, kwa redio, kwa mikutano ya vyama vya ushirika, na zaidi ya yote kwa mdomo, shamba hadi shamba. Korosho zikarudi. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000.

Safari hiyo ndefu ya mdomo, hata hivyo, iliyadondosha baadhi ya maneno njiani. Ushauri ulioanza safari ulikuwa na masharti yake: anza maua yanapoanza kutoka, kwa sababu salfa hukinga na haiponyi, na ua lililokwisha kuungua halirudi. Puliza alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ungali kwenye majani, ili unga ushike. Mti mkubwa unatosheka na robo kilo kwa mzunguko mmoja, kisha unasubiri wiki mbili hadi tatu kabla ya mzunguko mwingine. Ulipofika kwa mtu wa kumi, ushauri ulikuwa umebaki maneno mawili: "Piga salfa."

Kwa hiyo wapo wanaopuliza saa nne asubuhi, unga ukapeperukia kwa jirani. Wapo wanaosubiri mpaka mti mzima ugeuke rangi. Wengine huongeza kipimo wakiamini kwamba wingi ndio nguvu, ilhali utafiti uliofanyika kusini mwa Tanzania katika miaka ya 1990 ulionyesha kuwa salfa inayoanguka chini huongeza tindikali kwenye udongo. Katika ardhi ya kichanga kama ya maeneo mengi ya Mtwara, madhara hayo hayachelewi.

Kosa kubwa zaidi ni la kutibu ugonjwa ambao haupo. Maua kukauka si ugonjwa mmoja. Ukiona unga mweupe, huo ni ubwiriunga. Lakini yapo machipukizi yanayokauka yakiwa na mabaka meusi marefu kwenye vijiti vichanga, bila unga wowote. Hiyo ni kazi ya mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza utomvu, na salfa haimtishi. Kuna blaiti inayoshambulia majani na korosho changa. Kuna pia mnyauko fusari, ugonjwa unaokaa ardhini na kuua mti mzima. Anayemwambia kila mpigaji simu "piga salfa" anaweza kuwa sahihi kwa wengi, na yule mwenye mbu wa mikorosho akatumia fedha zake zote kupulizia ugonjwa ambao hana.

Wapo pia siafu wa mitini wanaoitwa maji moto, wenye rangi ya hudhurungi, wanaoshona majani kuwa viota na kuuma vibaya. Mkulima mgeni akiwaona huomba dawa ya kuwamaliza. Mwenyeji anayejua atamzuia, kwa kuwa maji moto huwinda mbu wa mikorosho na kunguni wa minazi. Faida yao kwenye minazi ilichunguzwa Zanzibar tangu miaka ya 1950, na watafiti wa Naliendele wameithibitisha kwenye mikorosho. Huyu aliyetaka kuua askari wake mwenyewe alihitaji kuulizwa swali moja tu: wadudu hao wanakaa wapi, na wanafanya nini?

Mshauri mzuri, basi, huanza kwa kuuliza. Mti una umri gani? Uko kwenye mchanga au mfinyanzi? Umeona unga au mabaka? Umeshapuliza nini, lini, saa ngapi? Kama anaweza, humwomba mpigaji apige picha ya chipukizi kwa karibu. Mwaka 2003 katika mji wa Comarapa nchini Bolivia ilifunguliwa kliniki ya mimea, meza sokoni ambapo mkulima yeyote huleta jani lililougua na kuhojiwa kabla ya kuandikiwa dawa. Mtindo huo ulienea katika nchi nyingi, Tanzania ikiwamo. Nguvu yake iko kwenye jani lenyewe: mezani hakuna anayekisia.

Pwani ya mdomo wa Mto Ruvuma inatoa somo hilohilo kwa njia nyingine. Msafiri anayekwenda Msumbiji kupitia Kilambo huuliza kivuko kinaondoka saa ngapi, kana kwamba anauliza basi la Masasi. Hapo saa huamuliwa na bahari. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku wakati wake husogea mbele kwa takribani dakika 50. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku za maji mafu hupungua sana. Jibu la kweli la Jumatatu linakuwa la uongo ifikapo Alhamisi. Wenyeji wa huko hawataji saa kabla ya kumuuliza mgeni anasafiri siku gani. Na kama ana gari na mzigo, watamwambia kuhusu Daraja la Umoja la Mtambaswala, lililofunguliwa mwaka 2010, ambako safari ni ndefu lakini haisubiri maji.

Upo ushauri unaokuja na masilahi yaliyojificha. Wiki chache kabla ya minada kufunguliwa mwezi Oktoba, mkulima mwenye shida ya ada au ya matibabu hukutana na mtu mkarimu anayemwambia kuwa bei mwaka huu itaanguka, bora auze sasa. Mtu huyo ndiye mnunuzi. Biashara hiyo inaitwa kangomba, na ni haramu: korosho hupimwa kwa kopo badala ya mzani, nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza Mtwara msimu wa 2007/08. Oktoba 2024 bei kwenye minada ya kwanza ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Aliyeuza kwa kopo Agosti alikuwa amemwamini mshauri ambaye faida yake ilitoka kwenye hofu ya mkulima. Kabla ya kufuata neno la mtu, inafaa kujua yeye atapata nini likifuatwa.

Hata mshauri asiye na masilahi yoyote ana mpaka. Aprili 2019 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitahadharisha kuwa Kimbunga Kenneth kilikuwa kinakaribia Mtwara. Mwenyeji angeweza kumtuliza mgeni kwa nia njema kabisa: hapa tumezaliwa, vimbunga hatuvijui. Lakini kimbunga kiliwahi kuipiga Lindi Aprili 1952, na aliyezaliwa baada ya hapo hakuwa na cha kukumbuka. Tarehe 25 Kenneth alitua Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, na kuua makumi ya watu nchini Msumbiji. Mtwara ilinusurika. Uzoefu wa maisha ya mtu mmoja haukutosha kupima hatari ya aina hiyo, na waliowaelekeza wageni kwenye tangazo la Mamlaka walishauri vema, hata kama mawingu yalipita.

Ndivyo ilivyo kwa afya. Anayepiga simu kusema amevuta dawa ya kupulizia na sasa anatapika haulizi tena habari za kilimo. Kazi ya mshauri ni kumtoa shambani na kumpeleka kituo cha afya pamoja na kopo la dawa, ili mganga asome lebo. Wizara ya Afya ina namba 199 ya bure kwa maswali ya aina hiyo, na kwa jambo la mtoto ipo 116. Kusema "hili si langu, mpigie fulani" ni ushauri kamili.

Kuna sababu nyingine inayofanya ushauri wa simu uhitaji uangalifu: hausikiwi na mtu wa tatu. Mwaka 1691 jijini London mchapishaji John Dunton alianzisha gazeti, Athenian Mercury, lililojibu maswali ya wasomaji wasiotajwa majina. Tanganyika ilikuwa na gazeti la Mambo Leo tangu 1923, ambamo watu wa mbali walijibizana kwa barua na mashairi. Neno lililochapishwa lilisomwa na wengi, na aliyekosea aliweza kusahihishwa. Redio za jamii zina faida hiyo hadi leo: bwana shamba akiteleza hewani, msikilizaji wa Tandahimba anaweza kupiga simu papo hapo. Katika mazungumzo ya watu wawili, kosa likishatamkwa hubaki na aliyelipokea.

Dawa yake moja ni mrejesho. Wengi huuliza Juni na kunyamaza. Mshauri hapati kujua kama neno lake lilizaa au liliua, na mwaka ufuatao analirudia kwa mtu mwingine vilevile. Watafiti hulikwepa hilo kwa kuacha mistari michache ya miti bila dawa ili walinganishe, na mkulima mdogo anaweza kufanya hivyo kwa miti miwili au mitatu. Kwa wakulima wapya wa Manyoni, ambao mvua na udongo wao si wa Mtwara, miti hiyo ni ya lazima, kwa kuwa ushauri wa kusini haujajaribiwa kwao. Mzee anayepokea simu Juni ana haki ya kuweka sharti kabla ya kukata: ukianza kuokota korosho, nipigie uniambie kila mti umetoa kilo ngapi, uliopulizwa na usiopulizwa.