Jinsi, Jinsia na Seli za T: Mfano wa Kifua Kikuu

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba neno jinsia limebebeshwa dhana mbili, na kwamba mkanganyo huo una athari kwa afya ya jamii. Mfano wetu ni kifua kikuu, maradhi yasiyo mageni katika wadi ya Galbet mjini Garissa wala Kaskazini Mashariki kwa jumla.

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 na 2016 ulikadiria wagonjwa 558 katika kila watu wazima 100,000: kwa wanaume 809, kwa wanawake 359. Kwa kuwa wachunguzi waliwafuata watu mitaani mwao, tofauti hii haielezwi kwa kudai tu kwamba wanawake hawafiki hospitalini. Imetokana na nini basi?

Sababu ya kwanza ni ya kijamii. Wanaume ndio wengi katika uvutaji wa sigara na katika vikao vya mirungi, ambavyo mara nyingi hufanyika ndani ya vyumba visivyopitisha hewa.

Sababu ya pili ni ya kimaumbile. Seli za T, ambazo hukomaa katika tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, huzipa nguvu seli zilizomeza bakteria ili ziwaue. Kwa wastani, wanawake wana seli saidizi za T nyingi zaidi, ilhali homoni ya testosteroni huelekea kuififisha kinga. Aidha, jeni kadhaa za kinga zimo katika kromosomu ya X. Mwanamke anazo mbili. Moja hunyamazishwa, lakini si jeni zake zote zinazonyamaza. Hata hivyo, kinga kali ina gharama yake: katika maradhi ya lupasi, ambapo kinga huushambulia mwili wenyewe, takriban wagonjwa tisa kati ya kumi ni wanawake.

Ikumbukwe kuwa wastani si hukumu ya mtu mmoja mmoja. Mwanamke mwenye kikohozi kisichoisha apimwe sawa na mwanamume.

Kwa kuhitimisha, taarifa za sensa za Tanzania huainisha watu kwa umri na jinsi. Tunapendekeza nasi tutumie jinsi kwa maumbile, na jinsia kwa majukumu na mienendo ya kijamii. Mienendo hubadilishwa kwa mafunzo na kwa kufungua madirisha. Maumbile huhitaji maabara na tiba. Tukiziita kwa jina moja, tutaagiza dawa moja kwa maradhi mawili.