Magari ya Jana na ya Leo (2): Peugeot 504 na Premio, barabara ya Naliendele

Wiki iliyopita tuliishia kwenye swali lisilokwisha vijiweni Naliendele: kati ya Peugeot 504 na Toyota Premio, gari ni lipi? Wazee hujibu hata kabla hujamaliza kuuliza. Vijana huwacheka. Naona pande zote mbili zinaisahau barabara.

504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikatawazwa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya. Huku kwetu hakuna aliyejali taji hilo. Jina lake lilijengwa na Safari Rally, iliposhinda mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na tena 1978 kwa Jean-Pierre Nicolas. Kabla yake 404 ilishafungua njia: Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, alishinda nayo 1966 na 1967 mfululizo.

Siri ilikuwa uvunguni. Springi ndefu na laini, tumbo lililoinuka, na kila gurudumu la nyuma likipanda na kushuka bila kumbughudhi mwenzake. Enzi za mchanga wa njia ya Newala, hayo ndiyo yaliyomfikisha mtu. Injini nayo ikikohoa, fundi alifungua kifuniko cha distributa, akasugua platini kwa msasa, akapima mwanya kwa kipande cha boksi la sigara, safari ikaendelea. Premio haina platini. Ina sensa na kompyuta. Ikigoma, taa ya njano inawaka kwenye dashibodi, na msasa wako hausaidii kitu. Itafutwe mashine ya kuisoma.

Ila tusidanganyane. Injini ya 504 za mwanzo, yenye cc 1,796, ilitoa nguvu za farasi kama 80. Ya Premio yenye cc 1,496 inatoa karibu 110, tena kwa mafuta machache. Ina mifuko ya hewa, ina kiyoyozi, na anayedharau kiyoyozi hajaonja joto la Mtwara mwezi wa Januari.

Halafu kuna kutu. Upepo wa chumvi unaanzia kwenye matao ya matairi na chini ya milango, kisha unaila sakafu. Mzee anayesifu injini isiyokufa hasemi kwamba bodi ilishakufa zamani. Na spea? Ufaransa iliacha kuunda 504 za saluni mwaka 1983, ingawa Kenya na Nigeria ziliendelea kuziunganisha kwa miaka mingi. Spea za Premio zimejaa madukani.

Sasa lami imepita Naliendele kuelekea Mnivata, na juu ya lami zile springi ndefu hazina tena cha kujivunia. Kwenye njia za mikorosho wakati wa masika mambo hugeuka: Premio husugua tumbo, ndiyo maana wenye nazo huziinua kwa spesa.

Kwa mtu wa kwenda mjini na kurudi kila siku, hukumu yangu ni Premio. 504 imfae mwenye fundi wake na gari jingine la akiba.

Lakini kabla hujatoa fedha: kwa 504, lala chini na tochi, gonga sakafu kwa kidole. Kwa Premio, zungusha ufunguo bila kuwasha injini, utazame ile taa ya njano. Ni lazima iwake, kisha izimike injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, huenda kuna aliyeizima makusudi; uondoke.