Mama alilia aliposikia nimekuwa mzamiaji

Na Mwandishi Wetu

Msomaji wangu, Kiswahili chetu hiki kina mambo. Siku nilipompigia mama simu kijijini Mtinko, mkoani Singida, nikamwambia kwa furaha, "Mama, mwezi ujao nakwenda Zanzibar kuzamia meli," upande wa pili ulikuwa kimya. Kisha nikasikia kilio.

Wala simlaumu. Kwa sisi tuliokulia miaka ya 90, mzamiaji alikuwa kijana wa bandarini Dar es Salaam aliyejibanza ndani ya meli ya mizigo, ana mkate na chupa ya maji, anaomba Mungu afike Ugiriki au Afrika Kusini. Waliofika walituma picha wamevaa makoti ya ngozi. Wasiofika, habari zao zilisimuliwa kwa sauti ya chini. Mama alizisikia zote.

"Mwanangu, kazi si unayo? Unakimbia nini?" akauliza.

Ilinigharimu vocha nzima kumweleza kwamba meli ninayokwenda kuizamia haiendi Ugiriki wala popote. Imeshazama. Iko chini ya bahari tangu mwaka 1902, na mimi nakwenda kuitazama tu, kisha narudi juu.

Basi hapo ndipo nilipoharibu kabisa!

MTOTO WA NCHI KAVU

Kama hupajui Mtinko, panda gari Singida mjini, ipite Ilongero, endelea tu na njia. Utakuta alizeti, mtama, vitunguu na kuku wale wa kienyeji ambao wakazi wa Dar wanawagombania. Usichokikuta ni bahari. Kwetu maji ni kitu cha kubebwa kichwani. Yale maziwa mawili ya Singida mjini, Singidani na Kindai, ni ya chumvi, na sisi watoto tuliyajua kama mahali pa kutazama ndege, basi. Kuogelea hakuna aliyetufundisha. Tulifundishwa kuogopa.

Na woga huo ulikuwa na tarehe. Mei 21, 1996 nilikuwa shule ya msingi. Redio ilitangaza kwamba MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba kupitia Kemondo, imepinduka ikiwa imebakiza mwendo mfupi tu kufika bandari ya Mwanza. Taifa likaomboleza siku tatu. Waliokufa walikuwa zaidi ya 800, katika meli iliyojengwa kubeba abiria 430.

Kilichomkaa mama moyoni hakikuwa idadi. Ni habari ya kwamba meli ilielea kwanza, tumbo juu, na waliokuwa nje wakasikia watu wakigonga ndani. Ikatobolewa ili watolewe. Hewa iliyokuwa inaishikilia ikatoka kwa kishindo, na meli ikaenda chini. Kutafuta miili ikabidi waletwe wazamiaji wa jeshi la majini la Afrika Kusini.

Tangu siku hiyo, kwa mama, meli iliyozama ni mlio wa watu wanaogonga. Na mimi nampigia simu kumwambia nakwenda kutalii huko. Lo!

HEWA SI MCHEZO

Nilijiunga na klabu ya wazamiaji wa mwisho wa wiki jijini Dar kwa sababu isiyo na maana: mshikaji wangu wa ofisini alijiunga, nami sikutaka aniringie. Wiki ya kwanza nikaulizwa, "Unajua kuogelea?" Nikasema kiasi. Nikatiwa bwawani. Kiasi kile kikaonekana mbele ya watu wote! Ilinichukua miezi mitatu kuogelea kama binadamu, nikiwa darasa moja na watoto wa miaka tisa.

Baada ya hapo ndipo wakanipa mtungi. Na hapa, msomaji, nikakutana na ile fizikia ya kidato cha tatu niliyoikimbia. Ukishuka mita 10 tu, mgandamizo unaokubana ni mara mbili ya ule wa juu. Ukifika mita 20, mara tatu. Masikio yanauma, inabidi ubane pua upulize taratibu ili yazibuke. Lakini balaa lenyewe liko wakati wa kupanda. Puto ulilolijaza hewa mita 10 chini, likifika juu linakuwa kubwa mara mbili. Mapafu nayo ni puto. Ukibana pumzi ukakurupuka kwenda juu, yanaweza kupasuka. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya uzamiaji ni fupi kuliko zote: usibane pumzi, kamwe.

Ya pili: usizamie peke yako. Kila mtu ana mwenzake, na mwenzako akipotea machoni, shughuli imekwisha, mnapanda.

Ya tatu ndiyo iliyonitia aibu. Chini ya maji hamuongei, mnatumia mikono. Mkufunzi alikuwa akiniuliza kwa ishara kama niko salama, nami nampa dole, si unajua tena, dole la "poa". Ananishika mkono ananipeleka juu. Tunashuka tena, ananiuliza, nampa dole, tunapanda. Mara ya tatu akavua mpira wa kupumulia akasema, "Bwana, mbona hupendi kukaa chini?" Kumbe dole kwa wazamiaji maana yake ni "tupande juu". Poa ni duara la kidole gumba na cha shahada. Darasa zima lilicheka, na watoto wa miaka tisa wakiwemo.

BARIDI YA KUSI

Tulikwenda Zanzibar mwezi Agosti, kipupwe, kusi linavuma. Wenyeji walisema maji ni ya baridi nikacheka. Baridi gani, nyuzi 25? Mimi natoka Singida ambako asubuhi za Julai unatoa moshi mdomoni!

Nilicheka mapema. Mwili wako una nyuzi 37, na maji yanakunyang'anya joto kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa. Dakika ya kumi unajiona mwanaume. Dakika ya 40 meno yanagonga mpira wa kupumulia kama cherehani, hata ukiwa na suti ya mpira. Na hiyo ni kwetu. Huko Scapa Flow, visiwa vya kaskazini mwa Uskochi, wenzetu wa klabu wanaanza msimu mwezi wa Aprili na Mei maji yakiwa nyuzi 8 hivi, wamevaa suti zisizopitisha maji juu ya nguo za sufu. Wanafuata manowari za Wajerumani, kwa sababu Juni 21, 1919 mabaharia wa Kijerumani walizizamisha wenyewe 52 kwa siku moja wasizikabidhi kwa Mwingereza. Watu wana mioyo!

Sisi meli yetu haikuwa ya vita. Great Northern ilikuwa meli ya Waingereza iliyohudumia nyaya za simu za maandishi chini ya bahari. Tangu mwaka 1879 Zanzibar ilikuwa imeunganishwa kwa waya na Aden kaskazini na Durban kusini, na meli kama hiyo ndiyo iliyotandaza na kuunga nyaya zilipokatika. Mkesha wa mwaka mpya, Desemba 31, 1902, ikakwama kwenye mwamba nje ya Mji Mkongwe, ikazama. Iko mita 12 hivi tu.

Usidhani nyaya hizo ni hadithi ya kale. Hata ile video ya kuchekesha unayomtumia mshikaji wako aliyeko London inapita chini ya bahari hiyo hiyo. Waya wa SEACOM uliingia Dar es Salaam mwaka 2009.

MSHIPI WA MVUVI

Mwenzangu wa kuzamia alikuwa dada mmoja muuguzi, mkazi wa Temeke, mpole, mdogo wa umbo. Kwenye boti akaniambia, "Kaka, ukiwa chini, mimi ndiye mtungi wako wa pili. Usinikimbie." Nikaitikia kwa dharau kidogo, nadhani.

Tukajirusha. Tukashuka kwa kufuata kamba ya nanga, na polepole ikatokea. Nilitegemea kuona meli kama ya kwenye sinema. Niliona mbavu. Mbavu ndefu za chuma zimelala mchangani, zimevaa matumbawe, kitatange wanapita katikati kama wanafunzi wanatoka shule. Taa mmoja amejifukia kwenye kivuli. Ukanda wangu mwekundu umegeuka kahawia, maana rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kumezwa na maji. Kimya. Unasikia pumzi yako tu.

Nikasahau kila kitu. Nikaona uwazi mweusi kati ya mabamba mawili, nikaingiza kichwa nichungulie. Niliporudi nyuma, sikurudi. Kitu kimenishika shingoni, juu ya mtungi. Nikavuta. Kikakaza.

Ulikuwa mshipi wa mvuvi, ule wa nailoni usioonekana, ulionasa kwenye chuma zamani na kuachwa. Lakini mimi sikujua hilo. Nilichojua ni kwamba meli imenikamata. Nikaanza kupumua kama mbwa aliyekimbizwa. Geji iliyokuwa inasoma 110 nikaiona 90, kisha 80. Na akilini, wallahi sitanii, nikasikia kugonga. Ilikuwa moyo wangu, lakini niliusikia kama ngumi kwenye bati.

Nikataka kitu kimoja tu: juu. Nivue kila kitu, nibane pumzi, niruke. Mita 12, kitu gani? Naam, na ingekuwa makala nyingine hii, ikiandikwa na mtu mwingine.

Mkono ukanishika kwenye mkanda wa kifua. Uso wa yule dada ukaja karibu na wangu, miwani kwa miwani. Hakunivuta. Alinyoosha kiganja: simama. Kisha akapeleka mkono polepole kutoka kifuani kwake kwenda nje, ndani, nje: pumua hivi. Akanitazama mpaka nikamfuata. Pumzi ya kwanza, ya pili, ya tano. Ndipo akazunguka nyuma na kisu chake kidogo, akaukata mshipi.

Hatukuruka. Tulipanda taratibu, tukasimama mita 5 kwa dakika tatu kama kanuni inavyotaka, ili naitrojeni iliyoingia mwilini itoke kwa amani. Sijawahi kuona dakika tatu ndefu namna ile. Nilitoka majini na 40 kwenye geji, chini ya ile 50 tuliyoagizwa tubakize. Juu ya boti nikapewa chai ya tangawizi, kikombe kikacheza mkononi. Wakasema ni baridi. Nikaacha waseme hivyo.

KWA NINI NILIRUDI TENA

Utaniuliza, baada ya hapo si ungeacha? Nilifikiria. Lakini kitu kimoja hakikunitoka. Watu wa MV Bukoba walikufa kwenye ziwa lao wenyewe, na sisi hatukuwa na mikono ya kutosha ya kuwafikia. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara, watu zaidi ya 220 walipotea. Lakini siku mbili baadaye waokoaji walimtoa fundi wa injini akiwa hai, aliyekuwa amekaa kwenye sehemu iliyobaki na hewa ndani ya kivuko kilichopinduka. Mtu mmoja. Alitoka kwa sababu kulikuwa na watu waliojua kwenda chini na kurudi.

Nchi hii imezungukwa na Victoria, Tanganyika, Nyasa na bahari, na vijana wake wengi, wa Masaki na wa Mtinko, tukitiwa majini tunaita mama. Sikwambii ukazamie meli kesho. Nakwambia jifunze kuogelea, hata kama una miaka 30 na darasa limejaa watoto wanaokucheka. Na ukiwa na mwenzako anayekwambia usinikimbie, msikilize.

Desemba nilikwenda nyumbani. Nilimweleza mama yote ana kwa ana, mshipi na kila kitu, maana kwa simu nisingethubutu. Akasikiliza huku anachambua mboga. Nilipomaliza alikaa kimya muda mrefu.

"Kwa hiyo chini kule hukusikia mtu anagonga?"

"Hapana, mama. Ulikuwa moyo wangu."

Akatikisa kichwa. Kisha akanyanyuka, akatazama kuku wake uani kama anayechagua.

"Huyo dada aliyekata kamba," akasema, "mwambie mama amemchinjia jogoo, aje ale." Akapiga hatua mbili, akageuka. "Hivi ameolewa?"

Msomaji wangu, swali hilo ndilo lililonirudisha Dar mapema kuliko nilivyopanga. Wiki ijayo tunazama tena.