Kumwelewa Anayefikiria Kujiua: Utangulizi

Huenda umelifuata somo hili kwa ajili ya mtu unayempenda, nawe unaogopa utakayoyakuta. Tutakwenda taratibu.

Mwaka 1949, mwanasaikolojia Edwin Shneidman alikuta katika ofisi ya serikali mjini Los Angeles mamia ya barua zilizoachwa na watu waliojiua. Alizisoma kama kauli za watu walio taabuni, si kama ushahidi wa dhambi wala wazimu. Baada ya miaka mingi ya utafiti alieleza dhana ya maumivu ya nafsi, yaani uchungu wa ndani, wa aibu, hatia au upweke, uliofikia kiwango ambacho mwenye nao haoni tena namna ya kuustahimili. Huu ndio msingi wa somo letu: anachotamani hasa mtu anayefikiria kujiua ni uchungu ukome.

Kwa hiyo moyoni mwake huwa mna hisia kinzani, maana yake anataka kufa na anataka kuishi kwa wakati mmoja. Usishangae jana kasema amechoka na dunia, leo anaulizia mbegu za msimu ujao. Yote mawili anayasema kwa dhati.

Sasa tazama yale tunayoyasikia mitaani. Husemwa kwamba anayetangaza hafanyi, ilhali wengi waliojiua walikuwa wamesema au kuonyesha dalili kabla. Husemwa pia kwamba aliyeamua hazuiliki. Mwaka 1978 Richard Seiden alichapisha utafiti kuhusu watu 515 waliozuiwa wasijiue huko California. Miaka mingi baadaye, zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa bado hai au wamekufa kwa sababu za kawaida. Dakika ile ya hatari hupita, na kumsaidia mtu aivuke ni kumwokoa kweli.

Vipo pia vihatarishi, yaani mambo yanayoongeza uwezekano bila kuamua hatima: sonona (ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu), ulevi, madeni, msiba, na zaidi ya yote kuwahi kujaribu. Laana ya ukoo haimo.

Hofu kubwa kuliko zote ni kwamba ukimuuliza kuhusu kujiua utamtia wazo. Naielewa, maana inatokana na upendo. Lakini tafiti hazikuonyesha kwamba kuuliza kunaleta wazo hilo; mara nyingi kunampunguzia mtu mzigo. Muulize waziwazi: "Ndugu yangu, umefikia kufikiria kujiua?" Kisha nyamaza, umsikilize bila kumhubiria. Akikubali, usimwache peke yake. Weka mbali vitu anavyoweza kujidhuru navyo, na mwende pamoja kwa mhudumu wa afya.

Ikiwa mawazo haya unayabeba wewe mwenyewe, funga kitabu kwanza. Mwambie leo hii mtu unayemwamini, au nenda kituo cha afya kilicho karibu. Somo litakusubiri.